Risala ya kikundi cha wavuvi na mama karanga (kina mama wanaokaanga samaki na kuuza), Mji wa Kale, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee, mabibi na mabwana, assalaam aleikum. Karibu sana Mji wa Kale, tumefurahi mno umekuja mwenyewe, maana tumezoea kuletewa salamu tu.

Kikundi kilianza na mchezo wa pesa wa kina mama, wavuvi wakaingia, alafu ikaja korona. Machi 2020 kafyu, Aprili kaunti ikafungwa, Mei wakafunga Mji wa Kale wenyewe, hutoki huingii. Mvuvi wa usiku akakaa nyumbani, mahoteli yakafunga na jodari akakosa mnunuzi. Lakini tulisimama, mheshimiwa! Leo tuna akaunti ya benki, mizani yetu na friza mbili, na twasema bila woga sisi ni mfano kwa pwani nzima.

Wafadhili walikuja wengi na twawashukuru kwa dhati, sabuni tulipata, barakoa tulipata, semina ndo usiseme. Lakini kubwa tuliloahidiwa ni chumba cha barafu, na mpaka sasa ni msingi na kibao chenye majina yao. Wakati wa kaskazi bahari imetulia samaki wanajaa, bei inaanguka, barafu twanunua mbali na jua hili ikifika nusu ishakuwa maji, basi tajiri anataja bei anayotaka na mvuvi anakubali tu kwa sababu samaki hangoji, na mama karanga asipomaliza kuuza jioni hasara ni yake na watoto wake.

Alafu wakaja watu wa tathmini, wakauliza semina walihudhuria wangapi, wanawake wangapi, wakapiga picha wakaenda. Hakuna aliyeuliza samaki wangapi wameoza. Hio ripoti hatujaiona hadi leo, na ilikuwa inatuhusu sisi.

Kwa heshima zote twaomba chumba kimalizwe kabla ya kaskazi hii, kiwekwe sola kwa sababu bili ya stima hatutaiweza. Pia mkataba wowote na mfadhili uandikwe kwa Kiswahili, bajeti tuione, na kwenye kamati ya tathmini wakae wanakikundi, mvuvi mmoja na mama karanga mmoja, waseme wenyewe kama msaada umefika au haukufika.

Mheshimiwa, ahadi tumepewa nyingi na kila mara tulipiga makofi. Leo twakuomba ukisimama kuhutubia ututajie tarehe ya fundi kurudi kazini, katibu yuko hapa na daftari aiandike.

Ni sisi wanakikundi.