Barua kwa Mwanangu: Kamera Baadaye, Miguu Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Michoro ya roboti yako nimeipata. Kamera umeichora vizuri kuliko miguu, nikajua mara moja moyo wako uko wapi. Sikulaumu, maana kila anayeanza hutamani kuona sakafu kwa jicho la mdudu. Ila kamera ndiyo kazi nyepesi: unaichomeka, unaweka programu, picha inakuja. Miguu haiji hivyo.

Umeuliza minne au sita. Chukua sita. Roboti ya miguu sita hunyanyua mitatu huku mitatu ikibaki chini kama pembetatu: wa mbele na wa nyuma upande mmoja, wa kati upande wa pili. Maadamu kitovu cha uzito hakijatoka nje ya pembetatu hiyo, unaweza kuisimamisha katikati ya hatua na isipinduke. Ya miguu minne hudai uhamishe kiwiliwili kabla ya kila hatua; hesabu hiyo tuiache mwakani. Genghis, roboti ya miguu sita iliyoundwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kundi la mtafiti wa roboti Rodney Brooks mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na mota mbili tu kwa kila mguu, na ilipanda juu ya vikwazo. Wewe umechora tatu: nyonga, paja, muundi. Sawa, lakini hizo ni servo 18, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, na zote zina njaa ya umeme.

Hapa kwenye umeme nitakuchosha kidogo. Servo ya ukubwa wa kawaida ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2. Roboti inapojiinua kutoka tumboni, nyingi huvuta kwa pamoja, volti inashuka, kompyuta ndogo iliyo ndani ya roboti inajizima na kuwaka upya, picha inapotea. Utailaumu kamera bure. Kwa hiyo servo ziwe na kidhibiti volti chao, kompyuta iwe na chake, nyaya za hasi ziungane, na fyuzi ikae karibu na betri. Betri ya lithiamu usiishushe chini ya volti 3 kwa kila seli, wala usiiache ikichaji nawe umelala. Hilo la mwisho si ushauri, ni amri.

Kabla ya kufunga mkono wa servo yoyote, ipelekee kwanza mpigo wa umeme wa milisekunde 1.5 ili ikae katikati, ndipo ukaze skrubu. Ukiruka hatua hii, mguu mmoja utakuwa unachechemea na hutajua kwa nini.

Sasa mawasiliano. Amri unazoipa roboti na picha inazokutumia visipite njia moja. Picha ni nzito, na ikichelewa ni heri itupwe kuliko kusubiriwa. Amri ni nyepesi lakini haitakiwi kuchelewa. Fikiria: roboti inakwenda sentimita 20 kwa sekunde, picha inachelewa sekunde 0.3. Unapoona ukingo wa meza, imeshasogea sentimita 6 mbele ya unachokiona. Ndiyo maana nataka miguu iwe na maikrokontrola yake, yaani chipu ndogo ya kuiongoza, isiyojali kamera ipo au haipo. Isipopata amri kwa nusu sekunde, ishushe miguu yote sita na kusimama. Mwaka 1994 Dante II, roboti ya miguu minane, iliteremka kwenye kreta, yaani shimo la volkano, ya Mlima Spurr, Alaska, huku waendeshaji wakiwa mbali. Wakati wa kupanda kutoka, ikaanguka ubavu, ikabidi itolewe kwa helikopta. Kamera ilikuwa nazo.

Ya kwako ielekeze chini kidogo, hadi uone ncha za miguu ya mbele. Picha ya pikseli 640 kwa 480 inatosha. Iweke juu ya kipande cha mpira laini, kwa sababu kamera hizi ndogo husoma picha mstari baada ya mstari, na mtikisiko wa hatua huipinda.

Nipimie paja na muundi, kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya ekseli inayofuata, si ncha kwa ncha. Muundi uupime hadi unapogusa sakafu. Nikipata vipimo tutaanza pamoja hesabu za kosini, za kupata pembe za viungo. Na siku ya kuiwasha mara ya kwanza, ipandishe juu ya kopo, miguu ikining'inia, mkono wako ukiwa kwenye swichi.

Baba yako