Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha: Mwaka wa Kupasua Meno

Ndugu wanachama wa chama chetu cha madaktari wa meno,

Poleni na safari, hasa mliotoka Karatu na Monduli alfajiri. Hesabu atazisoma mtunza hazina, kwa hiyo ya fedha nayapita. Niseme tu kwamba ada haziji kwa wakati, na wanaochelewa ndio wa kwanza kuuliza chai iko wapi.

Mkutano uliopita tulilalamikia vifaa: mashine za eksirei zinagoma, faili (visindano vya kusafishia ndani ya mizizi ya meno) zimepanda bei. Malalamiko yale ni ya haki. Lakini kamati ilipokaa kuyapitia meno yaliyorudi, yale tuliyotibu mzizi kisha mgonjwa akarejea na uvimbe, tuligundua kwamba mara nyingi kifaa kilikuwepo na kilifanya kazi. Kilichokosekana ni kuijua nyumba ina vyumba vingapi kabla ya kufunga mlango.

Naanza na kosa langu, ili mwingine asione haya. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Kilombero alinijia na gego la juu kushoto, namba 26 kwa hesabu yetu ya meno. Nikalifungua, nikapata mifereji mitatu (zile njia nyembamba ndani ya mizizi), nikasafisha, nikajaza. Picha ilitoka nzuri, nikawaonyesha hadi wauguzi. Miezi michache baadaye akarudi, shavu limetuna. "Daktari, si ulisema umeliua hili jino? Mbona linaniamsha usiku?" Nikamwomba radhi, nikalifungua tena, safari hii nimevaa miwani ya kukuzia. Nilikwangua taratibu kile kiukingo cha dentini (ile sehemu ngumu ya ndani ya jino) kilicho kati ya tundu la mzizi wa mbele shavuni na tundu la upande wa kaakaa. Ncha ya faili namba 8 ikanasa. Mfereji wa nne, umejaa uozo, na siku ile ya kwanza nilipita juu yake.

Mfereji huo unapatikana katika zaidi ya nusu ya magego ya kwanza ya juu. Wala si habari mpya. Mwanzoni mwa karne iliyopita mtafiti wa meno Walter Hess wa Zurich alijaza mpira ndani ya meno yaliyong'olewa, akayayeyusha, akabaki na umbo la mifereji yenyewe: matawi, vidaraja, njia zinazogawanyika na kuungana tena. Mwaka 1984 mtafiti mwingine, Vertucci, aliipanga mifereji hiyo katika aina 8. Sisi chuoni tuliikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Ndipo zikaanza Jumamosi zetu za kupasua meno. Kila mwanachama alileta meno aliyong'oa, kwa ridhaa ya wagonjwa, yakiwa ndani ya fomalini, dawa ya kuua vijidudu. (Yenye amalgamu, kile kijazo chenye zebaki, hayaingii kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, maana joto hutoa mvuke wa zebaki. Nalirudia kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa ameshashika mlango wa mashine.) Tukayasaga ubavuni kwa diski, tukayageuza chini ya taa. Mengi mliyaona wenyewe: sakafu ya chumba cha jino ina rangi nyeusi kuliko kuta zake, na juu yake vimistari vyembamba vinakupeleka moja kwa moja kwenye matundu. Ukiifuata sakafu hutoboi jino. Na kikato cha chini, lile jino dogo la mbele tunalolidharau, si mara chache lina mifereji miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Picha ikipigwa uso kwa uso inaonyesha mmoja tu. Sogeza kichwa cha mashine pembeni kidogo na wa pili utajitokeza.

Swali bora la mwaka lilitoka kwa muuguzi: kwa nini ganzi ya taya la chini hutugomea kwa watoto? Jibu liko kwenye mfupa. Tundu ambamo mshipa wa fahamu huingilia kwa mtoto liko chini zaidi kuliko kwa mtu mzima, likilinganishwa na usawa wa meno. Sindano ya mtu mzima inapita juu yake.

Sasa la kwetu. Wagonjwa waliokulia Maji ya Chai na Usa River wanajulikana kwa meno ya kahawia wakifungua tu kinywa. Wengi hudhani rangi ya maji ndiyo iliyopaka meno. Kisababishi ni floraidi, madini yaliyo ndani ya maji, nayo haina rangi. Madhara yake hufanyika enameli, tabaka gumu la nje ya jino, ikiwa bado inajengwa ndani ya taya, utotoni, na ule ukahawia huja jino likishatoka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya huku vinakipita mbali. Pale Ngurdoto maji yamekuwa yakichujwa kwa mkaa wa mifupa. Kwetu kitini, enameli hiyo ni ngumu juu na ina vinyweleo chini yake, hivyo asidi tunayopaka kabla ya kujaza haiiumi sawasawa. Kijazo kikibanduka, tusikimbilie kumlaumu mgonjwa kwamba ametafuna mfupa.

Kuhusu "meno ya plastiki", yanayodaiwa kuwaletea watoto homa na kuhara, sina upole. Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi wa mchanga mwenye homa na kuhara ni chonge la utoto linalosubiri zamu yake, ambayo kwa kawaida ni karibu na mwaka mmoja na nusu. Anayekichokoa haponyi homa, na anaweza kuharibu kichipukizi cha chonge la ukubwani kilicho jirani. Wanachama watatu wamejitolea kuzungumza na akina mama kwenye kliniki za watoto. Nawaomba wengine muwaunge mkono, na mwende na jino la kushikika mkononi, maana bango peke yake halisomwi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaanza masagego ya chini, yale meno yaliyo kati ya chonge na magego. Aliyeondoka na diski ya chama aje nayo, tunamjua.

Mwenyekiti