Kwa wahudumu wa afya wa mitaa ya milimani, Mwanza

Wanangu,

Mnaokwea mawe ya Mabatini na Igogo na mabegi mgongoni, poleni na kazi. Nina neno. Mzee mwenye presha, magoti mabovu na ukungu machoni msimwandikie safari tatu za kushuka kliniki. Mpimeni yote kwa ziara moja, palepale kwake, kisha rufaa iwe moja na siku iwe moja.

Kipimo cha presha ndicho kinachoharibiwa zaidi. Akae dakika 5 kimya, ameshakwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usio na nguo usawa wa moyo. Pimeni mara mbili, mwandike zote. Halafu asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo yuko njiani kuanguka: huenda ni dawa, huenda hanywi maji ya kutosha. Toeni taarifa kliniki. Dawa msimkatishe ninyi.

Mwombeni amwage dawa zote mkekani, za dukani na mitishamba pia. Mara nyingi mtaikuta diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, nayo hupandisha presha na kuumiza figo. Anayetibu goti peke yake hataiona hiyo.

Miguu: kiti kigumu kiegemee ukuta, mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Zikipita sekunde 14, anahitaji mazoezi. Kwenye sofa au kigoda kipimo hicho ni bure. Kumbukumbu: mpeni maneno matatu, muulizeni tarehe, kisha ayarudie. Masikio: nong'onezeni kwa nyuma, sikio mojamoja, asiposikia, nta iangaliwe kituoni kwanza, wala msichokonoe. Akipungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi 3 bila kukusudia, ulizeni meno. Dagaa waliotwangwa unga huingia vizuri kwenye uji.

Na bibi mwenye macho mekundu? Moshi wa kuni huyafanya hivyo miaka nendarudi. Huku kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho hayo, wakidhaniwa wachawi, basi lisemeni neno "moshi" kwa sauti, majirani wasikie, ndipo mwandike rufaa ya macho.

Kabla ya kuaga, mgeukieni binti anayemhudumia. Analala? Mgongo unamuuma kwa kumnyanyua? Jina lake liingie kwenye daftari lilelile.