Barua kwa Mwanangu Kuhusu Chakula cha Bibi Kwenye Friza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na imenifurahisha sana kusoma kwamba umeamua kutenga siku moja kila baada ya majuma kadhaa kuwapikia bibi yako na dada yake vyakula vya kugandisha, ili siku ambazo hakuna mtu wa kuwapikia wasilazimike kusimama jikoni hadi miguu iwaume, wala kulala kwa kipande cha mkate. Umeniuliza upike nini na chakula kinaweza kukaa muda gani. Nitakujibu yote mawili, lakini kwanza naomba uweke akilini jambo moja: friza ikijaa, kazi bado haijaisha, kwa maana kazi inaisha chakula kinapoliwa. Nimeona friza za wazee zikiwa zimesheheni vyakula vizuri vilivyopikwa kwa mapenzi, na mwenye friza akishinda na biskuti, kwa sababu chombo kilikuwa kikubwa mno, mfuniko ulikuwa mgumu, au hakujua ndani mna nini na aliona aibu kuuliza.

Kwa hiyo anza na kipimo. Kadiri mtu anavyozeeka, hamu ya kula hupungua, pua na ulimi havipati ladha kama zamani, na dawa nyingine huzidisha hali hiyo. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa mzee kabla hajaigusa. Pakua gramu 250 hadi 300 kwa chombo, usizidishe. Mwenye njaa atafungua cha pili. Na kwa kuwa watakula kidogo, hicho kidogo kiwe na nguvu. Wataalamu wa lishe hushauri kwamba mtu mzima mwenye umri mkubwa apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana bila hivyo misuli hunywea upesi na kuanguka kunakuwa rahisi. Bibi mwenye kilo 55 anahitaji basi kati ya gramu 55 na 66, na hazipatikani kwenye mchuzi mwepesi wa mboga peke yake. Kila chombo kiwe na nyama, kuku, samaki, maharage au dengu, isipokuwa kama daktari amempunguzia protini kwa ajili ya figo. Hilo uliulize kabla hujawasha jiko.

Uliza pia kuhusu dawa. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda hakatazwi mboga za majani, lakini kiasi anachokula kisibadilike ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo kwenye mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Ukimjazia friza vyombo vya mboga za majani na akavila vyote katika juma moja, utakuwa umevuruga vipimo vyake bila kukusudia. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Nafahamu bibi yako atasema chakula hakijakolea. Kikoleze kwa vitunguu saumu, tangawizi na nyanya zilizokaangwa taratibu hadi zikaiva kabisa, na umwachie kipande cha limau akikamulie mwenyewe mezani baada ya kukipasha moto.

Meno nayo yasisahaulike. Nyama ikate vipande vidogo kwa kukingama nyuzi zake, uipike kwa moto mdogo hadi iachane kwa uma, kisha uigandishe pamoja na mchuzi wake, kwa sababu nyama iliyogandishwa kavu hurudi ikiwa ngumu. Ukiona mmoja wao anakohoa au kupaliwa kila anapokula au kunywa, usikimbilie kusaga kila kitu kwa uamuzi wako. Apelekwe kwa mtaalamu amwangalie namna anavyomeza.

Sasa nije kwenye mapishi yenyewe. Vinavyovumilia barafu ni mchuzi mzito wa nyama au kuku, maharage, dengu, supu iliyosagwa, nyama ya kusaga na mboga zilizopikwa zikalainika. Visivyofaa ni mayai ya kuchemsha, ambayo ute wake hugeuka kama mpira, matango na mboga za kachumbari, na michuzi ya maziwa au krimu, ambayo hukatika. Viazi vya vipande huwa na chengachenga. Viponde kwa siagi kidogo, hapo vitakubali. Mboga za kijani zisizotaka kupikwa muda mrefu ziondoe motoni mapema kidogo, maana zitaiva tena siku ya kupashwa.

Mahali ninapotaka uwe makini kuliko pengine popote ni pale unapoepua sufuria. Bakteria huzaliana kwa kasi chakula kinapokuwa kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa ya maharage ikiachwa mezani itakaa katika joto hilo kwa saa nyingi, juu pamepoa na katikati pangali pa moto. Wapo bakteria ambao kuchemsha hakuwamalizi. Hubaki na mbegu ngumu zinazosubiri joto lishuke ndipo ziamke. Kwenye wali ni hatari zaidi, kwa sababu bakteria wake huweza kutoa sumu ambayo haiharibiki hata ukiupasha moto vizuri. Kijana mwenye afya huumwa tumbo siku moja akapona, lakini mzee akitapika na kuharisha anaweza kuishiwa maji mwilini akalazwa hospitali. Basi epua, kisha mimina chakula kwenye trei pana au mabakuli mapana, kina chake kisizidi vidole vitatu. Sufuria ya supu itie kwenye beseni la maji baridi, ukoroge kwa mwiko huku ukibadilisha maji kila yanapopata uvuguvugu. Utaona mvuke ukipungua hadi ukate, na ukigusa ubavu wa sufuria hautakuunguza tena. Hapo pakua kwenye vyombo na uvitie friza. Yote haya yakamilike ndani ya saa mbili, na kwa wali ndani ya saa moja. Usiingize chakula cha moto kwenye friza ukidhani unaokoa muda, kwani kitavipasha vilivyo jirani. Vyombo vipya vitandaze bila kuvipanga juu kwa juu hadi vigande, ndipo uvipange. Kinachoganda upesi hupata chembe ndogo za barafu, na kikiyeyuka hakitoi maji mengi.

Friza iwe nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo haiui bakteria, huwalaza tu, na ndiyo maana chakula kilichoanza kuchacha hakiokolewi kwa kugandishwa.

Kuhusu vyombo, acha nafasi ya kama sentimita mbili juu ya kila chenye mchuzi, kwa sababu maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9 na kupasua mfuniko. Kwa vikavu fanya kinyume chake: toa hewa kadiri uwezavyo, maana hewa ndiyo inayokausha chakula na kukiachia mabaka meupe yasiyo na ladha. Lakini kabla ya kununua vyombo vingi, nunua kimoja, umpe bibi yako kikiwa kitupu, umwombe akifungue mbele yako. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo, na mifuniko inayokaza pande zote nne humshinda, ingawa hatasema. Atakirudisha tu kwenye friza. Tafuta chenye ulimi mpana wa kushika.

Na andika. Andika kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, herufi kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani, jina la chakula, tarehe uliyokipika na namna ya kukipasha: KUKU NA VIAZI, TAREHE 3 MACHI, PASHA MOTO HADI KITOE MVUKE KATIKATI. Barafu huvifanya vyote vifanane. Bandika lebo ubavuni, si juu ya mfuniko, kwa sababu vikipangwa ubavu ndio unaoonekana na mifuniko hubadilishana. Vyakula vya dada yake visivyo na chumvi viwe na mifuniko ya rangi yake.

Siku ya kula, chombo kitolewe friza jioni iliyotangulia, kikae kwenye jokofu usiku kucha. Kisiyeyushwe mezani, maana nje huwa tayari kimepata joto ilhali ndani bado ni barafu. Kikishayeyuka kiliwe ndani ya siku moja. Nakazia hilo kwa sababu yuko bakteria aitwaye Listeria ambaye huendelea kukua hata ndani ya jokofu, na waliovuka miaka 65 ni miongoni mwa anaowadhuru zaidi. Kupasha moto ni hadi katikati ifike nyuzi joto 75. Wakitumia maikrowevu, kikorogwe nusu ya muda na kiachwe kitulie dakika mbili kabla ya kuliwa, kwani maikrowevu hupasha upande mmoja na kuuacha mwingine baridi. Kipashwe mara moja tu, kinachobaki kimwagwe. Jambo hili la mwisho litakuwa gumu, kwa maana walikuzwa kutotupa chakula, na ndiyo sababu nyingine ya kupakua kidogo.

Umeme ukikatika, wasifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi yake kama saa 48 na iliyojaa nusu kama saa 24. Ama muda wa kukaa, chakula kilichoganda sawasawa hakidhuru hata kikipita miezi mingi, lakini ladha huanza kushuka, kwa hiyo panga kiliwe ndani ya miezi mitatu, cha zamani kikiwekwa mbele.

Kila unapokwenda kujaza, tazama kwanza kilichobaki. Kama vyombo vya dengu vipo vile vile na vya kuku vimekwisha, umeshajibiwa, wala usiwahoji. Punguza dengu. Bibi yako alipika miaka yote kwa ajili ya wengine na si rahisi kwake kugeuka wa kupikiwa, kwa hiyo mshirikishe: akuchagulie viungo, achambue maharage akiwa ameketi, aonje mchuzi kabla hujaepua. Atakula kwa hamu zaidi kile alichokikosoa mwenyewe. Ukipata nafasi, pasha vyombo viwili mle pamoja, maana mzee anayekula peke yake kila siku huacha nusu, hata chakula kiwe kizuri namna gani.

Kwa mara ya kwanza usipike vingi. Chagua vyakula vitatu tu, ugandishe vyombo vichache vya kila kimoja, kisha uwapigie simu baada ya siku chache uwasikilize. Na kabla hujaenda sokoni, nitumie orodha ya dawa za wote wawili niipitie pamoja na muuguzi wao, nami nitakujibu kabla ya siku yako ya kupika.

Baba yako akupendaye.