Risala ya Madereva na Makondakta wa Daladala, Njia ya Buhongwa–Mjini, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, matajiri wa magari, masuka na makonda wenzetu, mwangaluka.

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kukaa nasi. Umechelewa saa moja na nusu, na wala hatulalamiki: foleni iliyokushika Mkuyuni ndiyo risala yenyewe, sisi tunaisoma tu.

Kikundi chetu kilianza na Hiace tatu na daftari moja. Leo tuna maturubai mawili, viti 40 vya plastiki na mfumo wa kisasa wa taarifa za foleni, yaani grupu la WhatsApp: konda akikwama anatuma sauti, wa nyuma wanajua. Mfumo huo unaendeshwa kwa bando letu wenyewe.

Mheshimiwa, tuje kwenye jambo letu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema hasubiri tena kivuko. Tunapongeza sana, kilomita tatu juu ya maji si mchezo. Ila kivuko kilikuwa kikileta magari kwa mafungu. Sasa yanakuja mfululizo, yanapita Usagara na kutukuta Buhongwa. Na mji wetu una mawe upande huu, ziwa upande ule. Barabara ya kupanua itapita wapi?

Tunachoomba ni taa za makutano zinazohesabu magari. Waya unazikwa chini ya lami unatambua chuma kikipita, au kamera inakaa juu ya nguzo. Kisha taa zinapashana habari, gari likipata kijani hapa likikute na kule mbele, na upande mtupu usipewe dakika za bure. Los Angeles walianza mwaka 1984 kwa ajili ya Olimpiki. Sisi hatuombi Olimpiki.

Pamoja na taa, daladala zifungwe kifaa cha kufuatilia mwendo, kama mabasi ya mikoani yaliyo chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ili kituoni tuone gari lipi liko wapi na yaachiane nafasi. Leo saa moja asubuhi magari manne yanafuatana kama bata. La kwanza limejaa mpaka mlangoni. La nne lina abiria wawili na konda anayekuna kichwa akiwaza hesabu ya tajiri. Baada ya hapo, nusu saa nzima, hakuna gari.

Mwaka juzi mgeni rasmi aliyekalia kiti hicho (si wewe, Mheshimiwa) alituahidi taa hizi kabla ya mvua za vuli. Hakusema vuli ya mwaka gani, nasi hatukuuliza, tulikuwa tunapiga makofi. Wakaja wapimaji, wakapima, wakanywa soda zetu, risiti tunayo. Ikaja nguzo moja. Bado imesimama, ina tangazo la mganga na la chumba cha kupanga, na mama wa chapati amefungia mwavuli wake hapo. Tunaomba taa zikija asihamishwe ghafla.

Sisi tutatoa vijana wawili wakafundishwe kazi ya chumba cha kuongozea, na kila gari litachangia kifaa chake. Matajiri wamekubali, angalau waliopokea simu.

Ahadi hatuombi, tunazo. Tunaomba tarehe. Chini ya nakala yako tumeacha mstari wazi wa kuiandika, na kalamu anayo katibu.

Wabheja sana. Tunaomba kuwasilisha.