Barua kwa mwanangu: kuhusu huo mnara wa roketi

Mwanangu mpenzi,

Mchoro wako wa mnara wa kurushia hiyo roketi yako ndogo nimeuangalia jana usiku mpaka simu ikaisha chaji, leo asubuhi nikaurudia tena na kalamu mkononi. Nimefurahi baba, yaani umefikiria mwenyewe kuacha ile fimbo ya kuiongoza roketi ikiruka na kutumia reli tatu zinazoishika roketi kwa nje, kwa iyo hakuna haja ya kugundisha vile vibomba vya kupitisha fimbo ubavuni vinavyokula mwendo. Hapo uko sawa kabisa. Ila kuna vitu viwili vitatu vimeninyima usingizi, niache nikwambie.

Kwanza urefu. Umeandika mita 1 na nusu, sawa, lakini jiulize mnara kazi yake nini hasa? Ni kuishika roketi mpaka mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani, yaanze kufanya kazi, manake mapezi bila hewa inayopita kwa kasi ni mapambo tu. Wengi wanachukua kama mita 15 kwa sekunde ndo kasi ya kuiachia. Sasa injini yako inasukuma mara 5 ya uzito wa roketi, moja inaliwa na mvutano wa dunia, zinabaki nne, yaani kasi inaongezeka kama mita 40 kwa sekunde kila sekunde. Piga hesabu: kwenye mita 1 na nusu inatoka na kasi ya 11 hivi, haijafika, na upepo wa pembeni ukiikuta hapo inageuza pua kuufuata upepo unakotoka. Kufika 15 unataka karibu mita 2.8. Ukipata injini ya kusukuma mara 10, mita 1.3 inatosha. Na usihesabu mnara wote, anzia pale kitako cha roketi kinapokaa, na zile sentimita za mwisho juu usizitegemee, mkia peke yake ukibaki ndani roketi inaweza kuyumba.

Pili ringi. Hizi zinazofunga reli pamoja umezichora ndogo, zimegusana na bomba la roketi karibu kabisa, sasa mapezi yatapita wapi mwanangu? Reli zinapita katikati ya mapezi, ila ringi lazima ziwe kubwa kuliko mapezi yalivyotanuka, alafu reli zinaingia ndani kwa vikono. Nimekaa kwenye hio karatasi nikalifuata pezi kwa kidole toka chini kwenda juu, ringi ya pili tu likagonga.

Nafasi kati ya reli na bomba acha kama milimita 1. Ikibana inakwama, ikilegea sana inacheza ndani. Ukishaunga, usiwashe chochote, ishike roketi kwa mkono uipitishe juu chini polepole mara kumi, tena geuza upande mwingine urudie. Ukisikia krrr simama hapo hapo. Angalia reli, utakuta rangi ya bluu ya roketi imeachwa kwenye mstari mwembamba, mara nyingi ni pale vipande viwili vya reli vimeungwa na kimoja kimetokeza kidogo kama unene wa ukucha, pitisha tupa alafu msasa, futa, jaribu tena mpaka ishuke yenyewe kwa uzito wake.

Miguu itanue, uipige vigingi. Kisukume kichwa cha mnara kwa kidole kimoja, kikienda na kurudi bado, funga kamba tatu. Chini weka sahani ya chuma iliyolala kimshazari ili moto utoke upande ambao hakuna mtu wala majani makavu. Kuinamisha mnara nyuzi chache kuiepusha na watu ni sawa, ila zisizidi 30 kutoka wima, hilo sina mjadala nalo.

Na ufunguo wa swichi ya kuwashia unakaa mfukoni mwako, sio kwenye boksi la swichi, mpaka kila mtu ameshasogea. Ikikataa kuwaka chomoa ufunguo, subiri dakika nzima ndo usogee. Najua utakuwa na haraka, nakujua mimi, subiri.

Jumamosi nakuja na zile reli ndefu. Ringi za zamani usizitoboe, nataka tukate mpya tukiwa wote, na uniachie roketi hapo mezani bila mapezi kupakwa rangi tena, nataka nipime upana wake mwenyewe.

Mama yako