Bomba linaziba kule, hewa inapotea kwenye daivata

Simu nyingi tunazopokea kutoka viwanda vinavyosafirisha unga au punje kwa hewa ndani ya mabomba hufanana. Bomba limeziba kwenye elbo (kona ya bomba) ya mwisho kabla ya silo, yaani tangi la kuhifadhia bidhaa, limezibuliwa, limeziba tena. Fundi ameongeza kasi ya blowa, mashine inayosukuma hewa, hali ikatulia kidogo, kisha tatizo likarudi pale pale. Tukifika tunaikuta elbo imejaa alama za nyundo. Alama hizo nazo zina gharama, kwa sababu kila mbonyeo ndani ya bomba ni mahali papya pa unga kunasa, lakini chanzo hakipo hapo. Kabla ya kuigusa elbo, sisi huuliza: daivata yenu ilifunguliwa na kukaguliwa lini?

Daivata ni ile vali ya kugeuza njia. Bidhaa inakuja kwa bomba moja, na vali inaipeleka silo hii au ile. Kwa kuwa kazi yake inaonekana rahisi, hukumbukwa siku ikigoma kugeuka. Lakini inaweza kugeuka vizuri kabisa, taa ya kijani ikawaka kwenye paneli, na bado ikawa ndiyo inayosababisha bomba kuziba mita 30 mbele yake. Inavuja ndani kwa ndani. Hewa inapenya kwenda kwenye njia iliyofungwa, na kwa nje huoni kitu.

Tuseme unasafirisha unga au punje kwa mfumo wa kawaida, ambao bidhaa huelea ndani ya hewa inayokwenda mita 15 hadi 30 kwa sekunde, kwa presha isiyofika bar 1. Kila bidhaa ina kasi yake ya chini. Ukishuka chini ya hapo inaanza kulala tumboni mwa bomba, inarundikana, kisha inaziba. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, hewa ikipita kwa mita 20 kwa sekunde, linahitaji takriban mita za ujazo 565 za hewa kwa saa. Robo ya hewa hiyo ikitorokea njia iliyofungwa, inayoendelea na bidhaa inabaki na kasi ya mita 15. Kwa bidhaa nyingi hapo ni ukingoni. Elbo ya mbali ndiyo huonyesha udhaifu huo kwanza, maana kila kona hupunguza kasi ya bidhaa, na hewa iliyobaki haina nguvu ya kuirudisha.

Uvujaji huu una hila moja. Hufuata presha: bomba likiwa tupu, presha iko chini na hewa inayotoroka ni kidogo. Bomba likijaa bidhaa, presha inapanda na hewa inatoroka zaidi, yaani unaipoteza saa ile ile unayoihitaji. Ndiyo maana jaribio la kuwasha blowa bila bidhaa na kuweka kiganja kwenye mdomo wa njia iliyofungwa halitoshi. Wengi hufanya hivyo, hawahisi upepo, wanaiondolea daivata lawama. Sisi huitenga vali, tunaziba milango yake, tunaipa hewa kwa presha inayolingana na ya kazi, kisha tunaangalia geji inashuka kwa kasi gani. Kama huna vifaa hivyo, kuna dalili ya bure: angalia njia ambayo haijatumika tangu ilipofagiliwa. Ukikuta vumbi jipya la bidhaa, limepita mahali.

Hapo ndipo kuongeza kasi ya blowa kunapoharibu zaidi. Presha inapanda, kwa hiyo na uvujaji unapanda. Hewa yenye vumbi inayopenya upenyo mwembamba hula chuma na sili (ukanda unaoziba upenyo usivuje) kama msasa, na ulaji huo hauendi sambamba na kasi: kasi ikiwa maradufu, ulaji huzidi mara nne. Upenyo wa leo mwezi ujao ni mkubwa zaidi. Tuseme ukweli pia kwamba si kila bomba linaloziba ni kosa la daivata. Vali ya kuzunguka inayolisha bidhaa huvujisha hewa kiasi hata ikiwa mpya, na ikilika huvujisha nyingi. Filta ya silo iliyoziba nayo huisumbua blowa. Huwa tunazipima zote tatu kabla ya kumwambia mteja anunue chochote.

Kuhusu aina za daivata, mazungumzo yetu na wateja huwa marefu kwenye mbili. Ya ulimi ina kibao kimoja kilichoshikwa na shafti, kinalalia upande huu au ule. Ni nyepesi, haina bei kubwa, sili zake hubadilishwa haraka. Udhaifu wake ni kwamba bidhaa hupiga ule ulimi moja kwa moja, na ukingo wake unategemea sili ya mpira. Kwa punje za plastiki zisizo kali, au unga laini kwa presha ndogo, inatosha. Kwa mchanga, saruji au majivu, hatuipendekezi. Ya pili ina moyo wa chuma wenye tundu, unaozunguka ndani ya nyumba yake hadi tundu lilingane na njia unayotaka. Bidhaa inapita kwenye bomba lisilokatika, na sili zake hazipigwi na mkondo. Inagharimu zaidi na ni nzito, na bidhaa yenye kunata ikiingia kati ya moyo na nyumba, moyo unakwama. Zipo pia za sahani ya kuteleza na za hozi inayohamishwa kutoka mdomo hadi mdomo. Hizo zina nafasi yake, hasa njia zikiwa nyingi. Na kwa kiwanda kinachobadilisha njia mara moja kwa siku, paneli ya hozi za kuunganisha kwa mkono haina aibu yoyote. Haivuji kwenda njia nyingine, kwa sababu njia nyingine haijaunganishwa.

Daivata ikiwa kwenye mfumo wa kuvuta, ambao hewa hunyonywa badala ya kusukumwa, uvujaji hubadilisha sura. Hewa huingizwa kutoka kwenye chanzo kilichofungwa, wakati mwingine pamoja na bidhaa yake. Anayesafirisha vyakula vyenye vizio (vitu vinavyoleta mzio), au rangi mbili za plastiki, huona madhara haya kwenye ubora wa bidhaa kabla ya kuyaona kwenye bomba.

Kinachoua sili mapema kuliko umri ni kugeuza njia bidhaa ikiwa bado inapita. Punje inabanwa kati ya ulimi na kiti chake, yaani pale unapolalia, sili inakatika, na silinda ya hewa inayogeuza vali inaendelea kusukuma. Mpangilio salama ni kusimamisha ulishaji, kuacha hewa isafishe bomba hadi presha irudi kiwango cha bomba tupu, kugeuza vali, kusubiri sensa ithibitishe, ndipo ulishaji uanze. Tumeona programu za mitambo zinazosubiri muda uliopangwa badala ya kusoma presha. Zinafanya kazi hadi siku bidhaa inapokuja nzito kidogo.

Na sensa yenyewe isomwe kwenye shafti ya vali, isiwe kwenye silinda. Pini inayounganisha silinda na shafti ikikatika, silinda itatembea mwendo wake wote, sensa iliyofungwa juu yake itasema njia imegeuka, na bidhaa itaenda silo isiyo yake. Hewa ya silinda iwe kavu, maana maji kwenye laini ya kompresa hufanya silinda igeuke nusu. Kama vumbi lako linaweza kulipuka, kama la unga wa ngano au sukari, waya wa kuunganisha vali na ardhi urudishwe kila baada ya matengenezo. Ni kitu kidogo kinachosahauliwa mara nyingi.

Nafasi ya kufunga vali nayo ina neno. Ikifungwa mara tu baada ya elbo, bidhaa hutoka imejikusanya upande mmoja na kuutwanga upande huo wa ulimi peke yake. Tunapobadilisha sili na kukuta upande mmoja umelika na mwingine mzima, kwanza tunatazama kona iliyo nyuma yake. Kuweka sili mpya bila kurefusha bomba nyoofu hapo ni kujipangia safari nyingine, na tungependa tusikutoze mara mbili kwa kosa lile lile.

Ukitaka tuje, tutumie kipenyo cha bomba, aina ya bidhaa na jinsi ilivyo, presha ya blowa bomba likiwa tupu na likiwa na bidhaa, idadi ya mara njia inapogeuzwa kwa zamu, na picha ya vali pamoja na bomba lililo kabla yake. Kwa vali ambayo nyumba yake imelika hadi kiti cha sili kimepoteza umbo, tutakwambia kwenye simu kwamba haifai kutengenezwa.